Soma Gwanda Kabla ya Beji

Kipande cha kitambaa cha kaki, kisichozidi upana wa kiganja. Katikati pana herufi S iliyozungushiwa shada la majani. Kimetolewa kwenye sanduku la babu au kimenunuliwa mnadani, na aliyekishika anataka kujua jambo moja: huyu aliyekivaa alikuwa nani jeshini? Kwa Kiingereza, majina ya kazi ya mpima ardhi, mtu wa ishara, mdunguaji na mwendesha kurunzi ya kusakia ndege usiku yote huanza na S, kwa hiyo herufi peke yake haimchagui hata mmoja wao. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalielewa tatizo hili bila kufundishwa. Ukiambiwa Juma yuko mlangoni, huinuki kabla hujauliza: Juma yupi, Juma wa nani? Jina bila ukoo halikufikishi kwa mtu. Beji iliyochomolewa kwenye sare yake ni Juma wa namna hiyo, na katika beji za ufundi za jeshi la Uingereza za baada ya Vita Kuu ya Pili, mlango umejaa akina Juma. Hoja ya makala haya ni kwamba beji ngeni haitambuliwi kwa kuikodolea macho beji. Hutambuliwa kwa kulisoma gwanda lililoibeba: upande wa mkono, urefu kutoka begani, rangi ya kitambaa, uzi, lebo ya ndani na alama nyingine zilizokaa jirani. Gwanda lisipokuwapo, mtu mkweli aridhike na jibu pungufu.

Kwanza tujue kwa nini mambo yalifika hapo. Beji za zamani za ufundi zilikuwa picha, na picha zile zilijisema zenyewe. Fundi wa kwato alivaa kiatu cha farasi. Mhunzi na fundi wa silaha walivaa nyundo na koleo vilivyopishana. Mtu wa ishara alivaa bendera mbili zilizopishana, na mpayonia wa batalioni shoka mbili. (Sajini wa wapayonia, kwa mila ya muda mrefu, aliruhusiwa hata kufuga ndevu wakati wenzake wote wanaburuza wembe kila alfajiri. Hiyo nayo ni beji ya aina yake.) Askari asiyejua kusoma aliweza kumtambua fundi wa kwato kutoka upande wa pili wa uwanja wa kwata. Kisha vita vikageuka kuwa kazi ya viwandani. Mtu anayekadiria masafa ya adui utamchora vipi? Anayelenga mzinga ambao haupigi yeye, utamweka kwenye kitambaa kwa umbo gani? Jeshi likakimbilia herufi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ndani ya shada mliandikwa MG kwa mpiga bombomu, LG kwa mpiga bombomu la Lewis, HG kwa yule wa Hotchkiss, L kwa mlenga mzinga, R kwa mpima masafa. Ilikuwa njia ya mkato nzuri kwa bohari ya nguo, kwa kuwa shada lilibaki lilelile na kilichobadilika ni herufi ya katikati tu. Kwa anayekuja kuisoma miaka sabini baadaye ni balaa, sababu herufi ishirini na sita haziwezi kubeba kazi zote za jeshi lenye redio, rada, vifaru na ndege bila kurudiana.

Baada ya 1945 hali ikazidi. Kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo, REME, kilikuwa kimeanzishwa Oktoba 1942 kwa sababu mafundi walikuwa wametawanyika mno katika vikosi vingine. Vita vilipokwisha, fundi hakuwa tena mtu wa pembeni anayetembea nyuma ya farasi na mkoba wa misumari. Jeshi lilikuwa na shule zake za mafundi chipukizi huko Arborfield, Harrogate na Chepstow, na daraja la ufundi lilikwenda sambamba na mshahara. Juu ya hayo palikuwa na utumishi wa lazima: tangu 1949 vijana waliitwa kwa miezi 18, ikaongezwa kuwa miaka 2 mwaka 1950 vita vya Korea vilipoanza, na wa mwisho waliachiwa 1963. Mamia kwa maelfu ya vijana walipewa gwanda, wakashona beji, wakalirudisha gwanda bohari, na gwanda lilelile likapewa kijana mwingine wa kazi nyingine. Shimo la sindano la mtu mmoja limo chini ya beji ya mwenzake. Anayedhani kila sare ni wasifu wa mtu mmoja ameshapotea kabla ya kuanza.

Basi tuanze na mkono. Katika jeshi la nchi kavu la Uingereza, kanuni ya jumla ilitenga mahali pa kila aina ya sifa. Beji za ufundi na za wadhifa zilikaa hasa sehemu ya juu ya mkono wa kulia, na kwa mwenye cheo zilikuwa juu ya tepe zake. Beji za ustadi wa silaha, kama bunduki mbili zilizopishana za mlenga shabaha hodari, zilikaa chini, karibu na kifundo, mkono wa kushoto. Mwavuli wenye mabawa ulikaa juu upande wa kulia. Bomu la njano juu ya nyekundu, alama ya wategua mabomu iliyoanza 1940 wakati London inapigwa usiku baada ya usiku, lilikaa chini kushoto. Kwa kujua hayo tu, nusu ya maswali huisha. Bunduki mbili zilizopishana zikiwa na S juu yake si fumbo tena: huyo ni mdunguaji, na S yake imepata ukoo kutokana na bunduki zilizo chini yake. Mzinga mdogo wa shaba uliokaa juu ya tepe tatu si beji ya ufundi hata kidogo, ni pambo la sajini wa Royal Artillery. Bomu linalowaka moto juu ya tepe hizohizo laweza kuwa la sajini wa Royal Engineers, wala halina uhusiano na kutegua mabomu. Mtu anayeitambua picha bila kuangalia jirani yake atamwita kila sajini wa wahandisi mtegua mabomu, na kosa hilo hufanywa kila siku.

Tepe ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa umbo ni lilelile na maana hubadilika. Ukiziona chini ya mkono wa kushoto wa gwanda la kaki la askari wa kawaida, ncha ikitazama juu, ni za mwenendo mwema: askari ametumikia miaka kadhaa bila kuingia matatani. Ukiziona juu ya mkono kwenye kitambaa cha bluu-kijivu cha jeshi la anga, ni za fundi, kwa kuwa mwanzoni mwa 1951 jeshi hilo lilianzisha vyeo vya kifundi kuanzia fundi mdogo hadi fundi mkuu, na likaamua kupindua tepe zao ili wasichanganywe na makoplo na masajini wa amri. Ukienda kwa mabaharia, tepe za mwenendo mwema zinarudi kutazama chini, ziko mkono wa kushoto, na beji ya ufundi iko mkono wa kulia. Baharia mwenye tepe tatu anaweza kuwa hana mtu hata mmoja wa kumwamuru. Hapa tukubaliane kwamba hakuna jicho, hata liwe kali kiasi gani, litakaloamua kwa kutazama tepe tu. Kinachoamua ni kitambaa na mahali.

Kitu cha pili ni tarehe. Taji ndilo msaada wa kwanza, nalo ni msaada wenye hila. Beji za enzi za wafalme tangu 1901 hadi George VI zilibeba taji la Tudor, ambalo matao yake yanapanda na kukutana juu bila kubonyea. Elizabeth II alichagua taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake yanazama katikati chini ya tufe, na kuanzia kutawazwa kwake 1953 beji mpya zilifuata sura hiyo. Kwa hiyo taji lililobonyea kwenye gwanda lenye lebo ya 1949 linasema wazi kwamba beji imeshonwa baadaye. Kinyume chake hakisemi kitu: taji la Tudor kwenye gwanda la 1955 si ushahidi wa udanganyifu, maana bohari hazitupi shehena kwa sababu mfalme amekufa, nazo hutoa mzigo mpaka rafu iishe. Na tangu 2022, Charles III amerudisha taji la Tudor, kwa hiyo beji mpya kabisa, yenye uzi unaong'aa kama ulitoka mashineni jana, inaweza kubeba taji ambalo jicho lililozoea vitabu litalisoma kuwa la babu yake.

Ndiyo maana lebo ya ndani inashinda taji. Gwanda fupi la vita la Waingereza, lile la sufu nzito linaloishia kiunoni, liliingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1930, likapunguzwa mapambo katika ruwaza ya 1940 kuokoa nguo na vifungo, na ruwaza ya 1949 ikaja na ukosi uliofunguka ili askari avae shati na tai. Lebo yake hutaja ruwaza, saizi, kiwanda na mara nyingi mwaka, pamoja na mshale mpana wa mali ya serikali. Katika miaka ya 1960 gwanda hilo likaondolewa, sare ya gwaride ikawa ile ya koti refu, na beji zikahamia kwenye kitambaa kingine. Vifaa navyo vina umri: beji za shaba zenye vishikizo na bamba la nyuma ni za koti la gwaride, zile za uzi wa sufu ni za gwanda, na kofia za miaka ya 1950 zilianza kupata nembo za alumini iliyotiwa rangi ya dhahabu, ambazo hazihitaji kusuguliwa. Ikiwa beji ina kifungashio chake, tazama namba. Mfumo wa namba wa NATO huweka beji na alama zote katika kundi 8455, na tarakimu 99 zinazofuata ni za Uingereza. Namba hiyo ikiwapo, huna haja ya kubishana kama kipande hicho ni cha wakati wa vita: si cha wakati wa vita.

Kuna atakayesema haya yote ni kuzunguka mbuyu. Vitabu vipo. Denis Edwards na David Langley walichapa orodha yao ya beji za umahiri za jeshi la Uingereza miaka ya 1980, na kabla yao na baada yao wamekuwapo wengine waliopanga picha kwa picha. Kwa nini usifungue kitabu, ukatafuta picha inayofanana, ukafunga? Kitabu ni chombo cha lazima, na asiyekuwa nacho asibishane mnadani. Lakini orodha inajibu swali tofauti na lile lililoulizwa. Inaeleza kwamba beji ya namna hii iliwahi kuidhinishwa, mwaka fulani, kwa kazi fulani. Haielezi kama kipande hiki kilicho mkononi ni kimoja cha hizo. Tofauti ya maswali hayo mawili ndipo fedha na historia zinapopotelea. Zaidi ya hapo, orodha huanzia kwenye amri za Wizara ya Vita, na jeshi halikuishi ndani ya amri peke yake. Rejimenti za Uingereza ni kama koo: kila moja ina miko yake, rangi yake na kiburi chake. Rejimenti za bunduki zilitaka alama nyeusi mahali ambapo wengine walivaa shaba. Vikosi vya wapanda farasi vilishona nembo zao juu ya tepe za masajini. Mtu anayetafuta nembo hizo katika sura ya beji za ufundi atakesha, na akichoka ataichagua picha inayokaribia. Hapo ndipo beji nadra zinapozaliwa, katika uchovu wa msomaji.

Ukichunguza vipande vinavyoitwa nadra, vingi haviko nadra, vimekaa ugenini tu. Ngumi iliyoshika radi ni ya mtu wa redio wa jeshi la anga. Mapanga mawili ya ndege yaliyochongoka pande mbili ni ya cheo katika jeshi hilohilo, wala si ya fundi wa injini. Nyota ambazo hazipatikani katika orodha yoyote ya jeshi kamili huenda ni za makadeti, vijana wa shule ambao mafunzo yao huhesabiwa kwa nyota, na ambao huvaa kitambaa cha rangi ileile na kununua uzi katika duka lilelile. Jani la mmepo linakupeleka Kanada hata kama kila kitu kingine kinafanana na cha Uingereza. Utambuzi mzuri, kwa hiyo, huanza kwa kuondoa: si wa anga, si wa majini, si kadeti, si wa dominioni. Wengi huanza kwa kutafuta jibu, na anayetafuta jibu kabla ya kuondoa lazima alipate.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kanuni za mahali pa beji, linasema, ziliandikwa na makarani na kuvunjwa na askari. Mshona nguo wa kambi alishona pale alipoambiwa au pale palipobaki nafasi. Picha za zamani zinaonyesha beji zimepanda, zimeshuka, zimehama mkono. Iweje basi mahali pawe ushahidi? Pingamizi hili ni la kweli katika mambo madogo na linapotosha katika makubwa. Askari wa Kiingereza aliishi chini ya macho ya sajini aliyekagua kifungo, sembuse beji, tena beji ya ufundi haikuwa urembo, ilikwenda na fedha. Aliyeshona sifa asiyonayo alikuwa anajitangazia malipo asiyostahili mbele ya karani anayelipa. Hilo halizuii kila mtu, lakini linafanya uvunjaji kuwa tukio, na tukio linahitaji kuthibitishwa. Beji iliyokaa sentimita tatu juu ya ilipopaswa ni mkono wa mshonaji. Beji iliyokaa mkono usio wake inahitaji shahidi wa pili, kwa mfano picha, kitabu cha malipo, au gwanda jingine la kikosi kilekile lenye kosa lilelile. Akipatikana shahidi huyo, kosa linageuka kuwa desturi ya kikosi, na hapo umejifunza kitu ambacho hakuna orodha iliyokuwa nacho. Asipopatikana, unabaki na beji iliyokaa pasipo pake, na hiyo ndiyo sentensi yote unayoruhusiwa kuiandika.

Wapo pia wanaoamini sayansi ya duka la beji, nayo ni taa ya mwanga wa urujuani. Zima taa za chumba, mulika kitambaa, na uzi wa kisasa utang'aa wakati uzi wa zamani unabaki kimya. Wazo lenyewe ni sahihi: viwanda vya uzi wa siku hizi hutumia viangazavyo, na nyuzi za poliesta hazikuwapo sokoni wakati wa vita. Lakini viangazavyo hivyo viliingia pia kwenye sabuni za kufulia za baada ya vita. Gwanda halisi lililofuliwa na mjane kwa upendo miaka ya 1960 linaweza kung'aa kuliko la bandia, na mghushi mwenye subira atanunua uzi wa zamani uliokaa gulioni tangu enzi. Taa inakuuliza swali zuri, wewe unatakiwa kulijibu kwa kugeuza upande wa ndani. Je, uzi umepita kwenye bitana au umeishia kwenye sufu? Matundu mapya yamekaa juu ya ya zamani? Kitambaa kilicho chini ya beji kimebaki na rangi yake ya awali wakati pande zote zimepauka? Beji iliyokaa mahali kwa miaka huacha kivuli chake, na kivuli hicho hakinunuliwi dukani.

Nichukue beji moja niikalie, maana hoja isiyo na kitu mkononi ni maneno matupu. Ni mraba wa bluu wenye ndege ya njano iliyofumwa: Dakota, ile ndege ya mizigo yenye injini mbili. Mtu yeyote akiiona atasema jeshi la anga. Si la anga. Ni ya askari wa nchi kavu wa Royal Army Service Corps waliofunzwa kupakia na kudondosha mizigo kwa ndege, watu waliosimama mlangoni angani wakisukuma makasha kwa miguu na mikono huku rubani akijitahidi kuinyoosha ndege juu ya eneo lililoainishwa. Septemba 1944, askari wa miavuli walipozingirwa Arnhem nchini Uholanzi, kazi hiyo ilifanywa chini ya mizinga. Tarehe 19 mwezi huo Dakota ya rubani David Lord iliwaka moto injini moja. Aliendelea kuruka juu ya eneo la kudondoshea, akazunguka mara ya pili kwa sababu makasha mawili yalikuwa yamebaki, kisha bawa likakatika. Alipona mtu mmoja tu, mwelekezi wa njia. Lord alipewa Victoria Cross baada ya kufa. Nyuma yake ndani ya ndege walikuwamo wadondosha mizigo wanne wa nchi kavu, wote wakafa, na historia nyingi za siku ile huwataja kwa idadi tu. Ule mraba wa bluu ndio jibu la jeshi kwao. Umeendelea kuvaliwa: kikosi mama kikabadilishwa jina 1965 kuwa Royal Corps of Transport, kikaunganishwa na vingine 1993 kuwa Royal Logistic Corps, na Dakota ikabaki begani wakati Dakota zenyewe zimekwisha kuondolewa kwenye kazi hiyo. Sasa mtu akikuletea mraba huo peke yake, hawezi kukwambia ni wa 1950 au wa 1990. Picha ni ileile. Kinachotofautisha ni jina la kikosi lililoshonwa juu yake, na aliyeutenganisha mraba na jina hilo ili auze viwili badala ya kimoja amefuta miaka arobaini kwa wembe.

Nyingine zina historia ya namna hiyo. Herufi A yenye ndimi za moto si ya kikosi cha anga wala ya shule yoyote. Ni ya mafundi wa risasi na mabomu wa Royal Army Ordnance Corps, waliochunguza maghala ya risasi wakati wa amani na kutegua mabomu ya mitaani Ireland ya Kaskazini tangu miaka ya 1970. Helmeti ya mzamiaji ni ya wahandisi wa jeshi, ambao mila yao ya kuzama inarudi hadi 1839, pale Kanali Pasley alipoanza kulipua na kuinua mabaki ya meli Royal George huko Spithead. Kiatu cha farasi nacho, kilichokuwa cha kila kikosi, kikageuka kuwa nadra bila kubadilika hata msumari mmoja, kwa kuwa farasi waliobaki jeshini ni wa Household Cavalry, King's Troop na wachache wengine. Unadra wake umo kwenye kitambaa kilicho chini yake: kiatu hicho kwenye gwanda la ruwaza ya 1949 ni kisa tofauti kabisa na kiatu hichohicho kwenye koti la 1914.

Kuna pingamizi la mwisho, na kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda ndilo la kwanza: yote haya yatuhusu nini? Ni vitambaa vya jeshi la mkoloni. Hata hivyo gwanda lilifika huku. King's African Rifles, iliyoundwa 1902, ilikuwa jeshi ambalo lugha yake ya mawasiliano ilikuwa hasa Kiswahili, na askari wake walivaa alama zilizotoka kwenye bohari na kanuni zilezile. Walipelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye kichwa cha kifaru begani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 batalioni zake zilikuwa misituni Malaya. Kando ya bunduki palikuwa na madereva, watu wa redio, mafundi makenika, wahudumu wa tiba na walimu wa jeshi. Katika masimulizi yetu askari huyo amebaki mtu mmoja tu, mwenye bunduki na buti, asiye na ufundi. Bendera mbili zilizopishana mkononi mwake zinapinga masimulizi hayo, kwa sharti kwamba mtu amezisoma sawasawa, kwa maana kifaru cha begani ni cha divisheni nzima na hakimwambii mjukuu chochote kuhusu kazi ya babu. Tanganyika Rifles, Kenya Rifles na Uganda Rifles zilirithi mfumo huo wakati wa uhuru, na ingawa Tanganyika ilivunja jeshi lake baada ya maasi ya Januari 1964 na kuunda JWTZ Septemba mwaka huo, watu wengi waliokuwa wameshajifunza ufundi katika sare za zamani hawakupoteza ufundi huo pamoja na beji. Familia iliyobaki na gwanda la namna hiyo isikimbilie kulifua wala kuondoa kilichoshonwa ili kukiweka kwenye fremu. Ilipige picha pande zote, ndani na nje, kabla ya kingine chochote.

Na kuna gwanda ambalo soko halilitaki kabisa. Ni lile ambalo beji imekwisha kung'olewa, labda siku ya kurudisha bohari mwaka 1954, labda na mtoto aliyetaka mchezo. Mnunuzi analitazama, haoni kitu, analirudisha rafuni, kisha anakwenda meza ya pili kununua kiatu cha farasi cha uzi kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Angeligeuza lile la kwanza kwenye mwanga wa dirishani angeona juu ya mkono wa kulia umbo la kaki iliyokolea zaidi kuliko sehemu nyingine zote, limepinda kama kwato, na kulizunguka msururu wa matundu madogo ya sindano, yaliyopishana kwa nafasi zisizolingana, kazi ya askari aliyejishonea mwenyewe.